Mgeni Anasindikizwa Hadi Kivukoni

Wewe utakayechukua kazi ya kutunza kambi ya wasafiri hapa Ifakara, nakuandikia kabla sijaondoka, maana najua hakuna atakayekueleza. Watu wa sokoni wananicheka. Wananiita mzee mstaafu, na ndevu zangu bado zinahesabika. Jana muuza chumvi kaniuliza kama nimeshapata mjukuu wa kunishikia mkongojo. Wacheke tu. Kuna kazi zinazomzeesha mtu kabla ya wakati wake. Mshahara sitautaja, haukuwa wa kutajika. Cheo nacho hakikuwepo: kulikuwa na mtunza kambi na msaidizi wake, basi. Nataka ujue kazi yenyewe ilivyokuwa, halafu ujue kwa nini siku hizi mgeni anaondoka hapa mjini peke yake kama mbwa aliyefukuzwa. Hilo la pili ndilo linaloniondoa.

Nilikuja nikiwa nimemaliza shule ya serikali kule pwani, madarasa yote ya juu. Kusoma, kuandika, hesabu, Kijerumani kidogo, vyote ninavyo. Mama yangu ni Mndamba wa Mofu, kwa hiyo bonde hili si geni kwangu. Wafanyabiashara wa mjini na jumbe walikuwa wamejenga kambi ya misafara, na walitaka mtu anayejua kuandika. Nikadhani nitapewa meza.

Mzee Ligoha, mtunza kambi, alinipa ufagio.

Alikuwa Mbunga, mrefu, jicho moja limeingia ukungu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba. Wewe ndiye msomi?" Nikasema ndiyo. "Vizuri. Msomi, nyuma ya chumba cha pili kuna kinyesi cha punda. Kasome pale kwanza."

Mke wake, Bi Zuhura, mtu wa Kilwa, alicheka mpaka akashika ukuta. Huyo ndiye atakayekupa funguo. Usimjibu akiwa anachambua mchele.

Kazi ni hii. Asubuhi unafagia, unaanika mikeka, unakagua kamba za vitanda maana wapagazi wana mifupa kama shoka. Jioni unachoma kivumbasi kibichi mlangoni, moshi uingie ndani kabla ya mbu. Usichome kikavu, kinawaka tu bila faida. Maji ya kunywa yachotwe juu ya kivuko, kamwe yasichotwe chini yake, na kama mpagazi akibisha mwonyeshe wanakooga wenzake. Mto ukipanda, vyumba vya chini havifai. Tunawalaza wageni kwenye dungu, kama yale wanayokalia watu wakilinda ndege shambani, ila pana zaidi. Ni mimi niliyesema lijengwe juu kuliko lilivyokuwa. Mzee alikataa, tukabishana, masika ikaja, tukaamka na kambare chini ya mikeka. Lilijengwa upya, juu, na Mzee akawaambia watu kwamba ni wazo lake.

Wageni wa aina zote walipita. Wafanyabiashara wa nta na mpira, wapagazi, mapadri wa upande wa Mahenge, askari, jamaa za watu. Wengi walitaka kuzungushwa mjini. Mji wenyewe si mkubwa, unaumaliza kabla jasho halijakauka, lakini una mambo yake. Unawapeleka kwenye boma la zamani la magogo, walilojenga wazee wa Kibunga kabla Mjerumani hajaijua njia ya huku. Unawaonyesha magogo yenye makovu ya mikuki. Halafu soko la samaki, wakanunue kitoga wa kukaushwa. Halafu duka la nguo la mtu wa pwani. Usiwapeleke upande wa shamba la pamba la serikali. Si kwamba umekatazwa. Ni kwamba utakutana na watu wanachapwa viboko, na mgeni atakuuliza wamefanya nini, na wewe utakuwa huna la kumjibu.

Sasa nifike kwenye kusindikiza. Hapo ndipo mimi na Mzee tuligombana kuliko mahali pengine pote.

Sheria yake ilikuwa hivi: aliyelala kwako humwachii mlangoni. Unamtoa mpaka kivukoni. Na katika mizigo yake unachukua ule mdogo kuliko yote, unaubeba mwenyewe kwa mkono wako mpaka mtoni, unauweka kwenye mtumbwi. Halafu unasimama. Hugeuki mpaka mgeni afike ng'ambo na kuinua mkono. Akiinua, na wewe unainua, ndipo unarudi.

Mimi nilikuwa na haraka. Bado ninayo. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mzee, huyu mtu ana miguu yake, njia anaiona, mto wenyewe unausikia toka hapa. Namsindikiza wa nini?"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi chukua kifurushi."

Tukiwa njiani kurudi nikamuuliza tena. Akasema, "Mzigo mkubwa anabeba mpagazi, analipwa. Mdogo anabeba mwenyeji. Usipoubeba, umemwambia mgeni: toka. Atavuka mto anajiuliza amekosea nini."

"Na ndani kuna nini, je, kama ni vitu vya wizi?"

"Mzigo wa mgeni hautikiswi, haunuswi, hauulizwi." Akatembea kidogo. "Ila ukimsindikiza unapata nafasi ya kuangalia kama hajaondoka na mkeka wetu. Hilo usimwambie mtu."

Basi nikawa nasindikiza. Jua, mvua, matope, nasindikiza, kichwani nahesabu kazi zinazoningoja. Ukifika pale mtoni huna la kufanya ila kuangalia mtumbwi unavyokwenda. Mpiga upondo hana haraka, hata ukimtukana. Nilijifunza kusimama. Kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo.

Kabla ya vita alikuja Luteni, Mjerumani kijana, na askari wake. Alilala kwetu, akala wali na kuku, akazungushwa mjini, akapiga piga magogo ya boma kwa ngumi na kusema, "Mbao nzuri." Kiswahili alikijua, cha kuamrisha lakini kinatosha. Alikuwa na mkoba mdogo wa ngozi ambao hata boi wake hakuruhusiwa kuushika. Asubuhi ya kuondoka Mzee Ligoha akanyoosha mkono auchukue. Shaushi, yule mkubwa wa askari, akafoka, "We mzee, una wazimu?" Luteni akauliza kuna nini. Nikamweleza desturi. Akamtazama Mzee, akautazama mkoba, akampa. Mzee akaubeba mpaka mtoni kama anabeba mayai. Luteni alipofika ng'ambo akavua kofia, akaipunga juu, anacheka. Mzee alifurahi siku ile yote. "Umeona?" akaniambia. "Hata huyu ni mtu."

Muda si mrefu baadaye akaja mgeni mwingine. Alitoka upande wa mashariki, peke yake, kwa miguu, mpole, hana maneno. Alisema anatembeza dawa ya kuzuia nguruwe wasile mazao. Nguruwe wanajulikana hapa, wanaweza kumaliza shamba la mtu kabla hajaamka, kwa hiyo hatukushangaa. Alikuwa na mkeka, nguo, na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Alikula kidogo, akashukuru. Watu wawili watatu walikuja kuongea naye nje, sikusikiliza, nilikuwa nafunga kamba za kitanda. Asubuhi akasema anavuka mto.

Ulikuwa mwezi wa maji kupungua, kivuko kimejaa watu, wavuvi, akina mama wanaosafisha samaki, na askari wawili wanaongoja mtumbwi. Mzee Ligoha akapita katikati yao wote, kibuyu kimekaa kwenye kiganja chake cha kulia. Akakiweka kwenye mtumbwi. Akasimama. Mgeni akafika ng'ambo, akainua mkono. Mzee akainua wake.

Yule mgeni alikuwa hongo. Hatukulijua jina hilo wakati ule, wiki zile chache za mwanzo. Baadaye hakuna asiyelijua: hao ndio waliotembeza maji ya dawa, wakisema ukinyweshwa na kunyunyiziwa, risasi ya Mjerumani inageuka maji kifuani pako. Watu walikuwa wamechoka na pamba, kodi na viboko. Waliamini. Wengine waliamini kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kuamini.

Vita sitakusimulia yote. Kituo cha askari hapa mjini kilivamiwa, kikaungua. Waliokuwemo walikufa. Halafu watu wetu wakaenda kupigana kwingine, na risasi hazikugeuka maji. Mimi nilikimbilia kwa mama Mofu, nikakaa kwenye matete na mbu mpaka homa ikaniangusha. Mzee Ligoha alikataa kuondoka. Bi Zuhura alimlilia. Akamjibu, "Kambi ikikosa mwenyeji inakuwa pango. Akija mtu amechoka, atamkuta nani?"

Walikuja Wajerumani. Waliporudi na nguvu walichoma maghala, walichoma mpunga ukiwa shambani, walichoma nyumba. Kambi yetu hawakuichoma kwa sababu walihitaji mahali pa kulala.

Niliporudi, bado natetemeka kwa homa, nilimkuta Bi Zuhura amekaa mlangoni kichwa wazi. Hakuniamkia. Alisema, "Wamemchukua baba yako. Wanasema alibeba maji."

Shauri lilisikilizwa uwanjani, mbele ya kituo kilichoungua. Luteni alikuwa ni yule yule. Alikaa kwenye meza yetu ya kulia, niliitambua kwa mguu uliofungwa kamba, niliufunga mimi. Alikuwa amekonda, mkono mmoja una bandeji. Walioletwa mbele yake walikuwa wengi, na kila mmoja alichukua muda mfupi sana. Wakafika kwa Mzee Ligoha. Askari mmoja kati ya wale wawili wa kivukoni, mwenzake ameshakufa, akasema alichokiona: mzee huyu alimsindikiza yule hongo, akambebea kibuyu cha dawa, akampungia mkono.

"Kweli?" Luteni akauliza.

"Kweli, Bwana."

"Ulijua ndani kuna nini?"

"Mzigo wa mgeni haufunguliwi, Bwana."

Mimi nikajitokeza. Shaushi akanisukuma, nikajitokeza tena. Nikasema kwa Kijerumani, ili asikie vizuri, kwamba mimi ni msaidizi wa kambi, kwamba hii ni kazi tunayomfanyia kila anayelala kwetu, mpagazi na padri, tajiri na maskini. Nikasema, "Na wewe, Bwana Luteni, alikubebea mkoba wako. Ukavua kofia ng'ambo ya mto. Unakumbuka."

Luteni aliacha kuandika. Alimwangalia Mzee kwa muda, na nikaona kabisa kwamba anakumbuka. Uso wake ulilegea. Nikasema moyoni, Mzee amepona.

"Ni kweli," Luteni akasema kwa Kiswahili, wote wasikie. "Alinibebea mkoba." Akamgeukia Mzee. Sauti yake haikuwa ya ukali. Nadhani alikuwa anamfungulia mlango. "Mzee. Sasa unajua yule ni nani. Unajua maji yale yameua watu wangapi, wako na wangu. Akija tena kulala kwako, utambebea?"

Bi Zuhura alikuwa nyuma yetu, kati ya wanawake. Akasema kwa nguvu, "Sema hapana. Mume wangu, neno moja tu. Sema hapana!"

Mzee Ligoha akageuza jicho lake zima kumtafuta mkewe, akamwona. Halafu akamjibu Luteni.

"Nitamkataza kulala, Bwana. Nitamwambia mlango umefungwa, nenda zako. Lakini nikishamlaza, yeyote yule, nitambebea. Nisipombebea, mimi siyo mwenyeji tena, ni mlinzi wa gereza."

"Sema hapana tu, Mzee," nikamwambia, nimesahau hata adabu. "Hapana, basi! Tuondoke!"

"Wewe una haraka siku zote," akasema.

Luteni akachovya kalamu. Halafu akaandika. Hakuinua macho tena.

Mti wa kunyongea waliujenga kwa magogo ya boma la zamani. Mbao nzuri, Luteni alishasema. Waliwatoa asubuhi, wamefungwa mikono nyuma, wanapangwa mstari. Mzee Ligoha alikuwa amening'iniza kwenye kiuno mfuko wake wa ugoro, mfuko mdogo wa ngozi ya mbuzi, na kwa kuwa mikono imefungwa ulikuwa unampiga pajani kila akipiga hatua. Nikatoka kwenye watu, nikaenda, nikaufungua kiunoni mwake, nikaushika kwa mkono wa kulia. Nikawa natembea ubavuni kwake.

Shaushi akaja. "Wewe unakwenda wapi?"

"Nasindikiza."

Aliinua kiboko, halafu akamtazama Luteni. Luteni aliona. Aliona vizuri kabisa nimebeba nini. Akageuza uso, akawa anaangalia upande wa mto. Shaushi akashusha kiboko.

Mzee hakuniambia maneno makubwa. Aliniuliza kama vyumba vya nyuma vinavuja. Nikasema cha pili kinavuja. Akasema, "Usiweke makuti juu ya makuti yaliyooza. Toa ya zamani yote kwanza." Nikasema sawa, Mzee. Tulipofika, nikauweka ule mfuko wa ugoro chini, karibu na miguu yake, pale ambapo ungekuwa mtumbwi. Halafu nikarudi nyuma kidogo, nikasimama.

Desturi inasema hugeuki mpaka mgeni ainue mkono. Mikono yake ilikuwa imefungwa. Nilisimama pale mpaka watu wote wakaondoka, jua likanichoma kichwa, Bi Zuhura akaja, akanishika bega, akanigeuza yeye.

Baada ya hapo nikawa mtunza kambi mimi. Amri ikatoka: hakuna kumbebea msafiri mzigo, hakuna kumtoa mgeni. Anayeondoka aondoke peke yake, anayemsindikiza atahesabiwa mwenzake. Ikatangazwa sokoni kwa ngoma.

Ikaja njaa. Maghala yameungua, mbegu zimeliwa, watu wanachimba mizizi, nguruwe wamenenepa kuliko wakati wowote. Na wageni waliendelea kuja. Maofisa, wafanyabiashara wapya, Wazungu wanaotaka kuonyeshwa mji. Boma la zamani waliliuliza, nikawaambia magogo yametumika kwingine. Wengine walitaka kujua wapi. Nikawapeleka, maana ni kazi yangu. Walitazama, wakaniuliza soko liko upande gani.

Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda ni jambo dogo. Alikuja mama mmoja kutoka upande wa Uchindile, ana mtoto mgongoni, anakwenda kwa ndugu zake ng'ambo. Tulimpa tulichokuwa nacho, uji mwepesi. Asubuhi akafunga mkeka wake, akafunga na kifurushi kidogo cha nguo ya mtoto, akakiweka chini mlangoni, karibu na mguu wangu. Akangoja. Mimi nikabaki nimesimama kama nguzo. Askari alikuwa anatuona. Mama yule akangoja, akanitazama usoni, akakiokota kifurushi mwenyewe.

"Kaka," akasema polepole, "nimewakosea nini?"

Aliondoka, na kila baada ya hatua chache alikuwa anageuka kuangalia kama kuna anayemfuata. Siku ile ile nikaenda kwa jumbe nikamwambia atafute mtu mwingine.

Kwa hiyo kazi ni yako. Makuti ya chumba cha pili nimeyabadilisha, niliyatoa ya zamani yote kwanza. Kivumbasi kipo nyuma ya jiko. Dungu ni imara. Amri unaijua, na mimi sikuambii uivunje, nyumba yako wewe utailinda mwenyewe. Ila mgeni akiweka kifurushi chini karibu na mguu wako, ujue hajakisahau.

Naondoka kesho kwenda Mofu, nikalime na mama kama mbegu ikipatikana. Nina mkeka mmoja na mfuko wa ugoro, ule ule, Bi Zuhura aliuokota. Leo nikamkuta ameutoa kwenye mzigo wangu, ameuweka pembeni.

"Huu nitabeba mimi kesho," akasema.

"Bi Zuhura, amri."

"Amri inasema mgeni asisindikizwe. Wewe umekuwa mgeni hapa lini?"

"Wataona."

"Waone." Alikuwa anachambua mchele, konzi moja tu ya mchele, punje moja moja. Nikakumbuka nisimjibu.

Basi atanibebea mpaka mtoni, na atasimama. Namjua, hatageuka. Mto umepungua, upande wa pili si mbali. Nitauinua mkono mapema, asikae sana juani.